Tope Lilikuwa Bado Bichi

Fundi alihesabu kwa korija, ishirini ishirini.

"Moja," akasema, akachora mstari wa mkaa ukutani. "Na nusu." Akachora mwingine, mfupi.

Boriti thelathini za mikoko zilikuwa zimelazwa uani kwa Mama, zimepangana kama papa wa kukausha. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Kijana aliyezileta kwa mkokoteni alikuwa ameshageuza kaondoka. Uso wake sikuuona, nilisikia tu magurudumu yakilia hadi kwenye kona ya msikiti. Pesa nilikuwa nimeshatuma kwa M-Pesa tangu jana yake, nimesimama Likoni nangoja feri. Kutuma pesa kwa simu kuna raha yake mbaya: huuoni mkono unaozipokea.

Niliwasha tochi ya simu nikainama. Pale gome lilipochubuka palikuwa na wekundu wa nyama. Upande wa shina, pale shoka lilipopita, tope jeusi lilikuwa limeshikamana na mti, na nilipoligusa likanata kidoleni. Lilikuwa bado bichi. Lilinuka ile harufu ya maji yaliyokupwa, ambayo mtu wa pwani haelezwi. Kwenye boriti moja konokono mdogo alikuwa amejishikiza gomeni, hajui kama ameshahama.

"Fundi, zimetoka wapi hizi?"

"Boriti hutoka wapi, kaka? Baharini."

"Zina kibali?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chai ina maji. "Wewe ulitaka boriti ama ulitaka karatasi?"

Nilitaka boriti. Jiko la Mama lilikuwa limelala chini tangu masika, makuti yameoza, makombamoyo yamekatika, na Mama wa miaka sabini na kitu alikuwa akipikia chini ya mwembe na mwavuli mkononi. Nikanawa kidole kwenye ndoo. Nikanyamaza.

Hayo yalikuwa mwezi wa sita. Wiki saba baadaye lile tope lingali kidoleni.

## Mti wenye majina mengi

Wanaofuata blogu hii wanajua kwamba nimeshaandika hapa mara mbili kuhusu taka za plastiki ufukweni, kwa sauti ya juu kidogo, nikiwanyooshea watu kidole. Kidole hikihiki.

Na mimi si mtu wa bara aliyeshuka pwani juzi akaona mikoko kwenye picha. Nimelelewa na babu ambaye neno "mikoko" alikuwa halitumii ovyo. Kwake mkoko ulikuwa mmoja tu, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa aliyeinuka kukimbia. Ule mwingine ulikuwa mchu, ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli zilizochomekwa. Kulikuwa na mkandaa, uliotoa magome ya kutilia rangi. Muia. Mkomafi wenye matunda kama mipira. Na mlilana, ule wa mbele kabisa, unaosimama na bahari ana kwa ana. Siku hizi sisi wote husema mikoko tu, kama vile mtu angeingia soko la Kongowea akaona changu, tasi na mkizi akasema "samaki" kisha akanyamaza.

Miti ikishakatwa hubadilika majina tena. Nyembamba kabisa ni fito, za kufumia ukuta wa udongo. Zikinenepa kidogo ni pau. Kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na kubwa kupita zote ni banaa. Msamiati mzima wa ujenzi umetoka kwenye tope la maji chumvi. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba na virefu, na sababu yenyewe si urembo: boriti ina urefu wake, na dari haiwezi kuwa pana kuliko boriti. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kuleta tende na mazulia yalirudi Ghuba na kusi yakiwa yamesheheni boriti hizohizo, kwa sababu kule kwenye jangwa mti wa kuezekea haukuwepo. Nusu ya dari za zamani za Uarabuni zimelala juu ya mikoko yetu. (Nusu ni yangu mimi, nimetia chumvi. Lakini si chumvi nyingi.)

Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko yote ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Biashara ya kuipeleka nje ilipigwa marufuku mwaka 1982. Baada ya hapo marufuku za ndani zimekuja na kuondoka. Ile ya mwaka 2018 iliwaacha wakata mikoko wa Lamu mikono mitupu, na Lamu ndiko kwenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi hii. Marufuku hutoka Nairobi kwa sauti kubwa. Mahitaji ya boriti hubaki palepale, huhamia tu kwenye mikokoteni ya kabla ya adhana.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana yaliniuma.

## Miche niliyoipanda mimi

Jambo la kwanza nililofanya kuituliza nafsi lilikuwa la kipuuzi. Nilijikumbusha kwamba na mimi nimepanda.

Miaka kadhaa nyuma, kampuni moja iliandaa siku ya kupanda mikoko, ikatugawia fulana, maji ya chupa na kofia. Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Mbele ya mstari wa mwisho wa miti kulikuwa na uwanja mpana wa mchanga na tope, mtupu, unaomeremeta, na kila mtu aliona dhahiri kwamba hapo ndipo panapohitaji miti. Tulipewa mbegu za mkoko.

Asiyewahi kuzishika amekosa kitu. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia juu mtini, kama mtoto asiyekubali kuzaliwa mpaka ajue kutembea. Inapoanguka imeshakuwa mche, mrefu kama kalamu au zaidi, na ncha iko tayari kuchoma tope. Kazi yako ni kuisukuma chini hadi kama theluthi yake, kwisha. Kwa muda wa saa mbili tu tulikuwa tumepanda maelfu. Tukapiga picha. Yangu bado iko kwenye ukurasa wangu, nimetabasamu hadi gego.

Nilirudi pale baada ya kusi moja. Hapakuwa na kitu. Hata mche mmoja wa kuonyeshea mgeni.

Wakati ule nilisema labda ni mawimbi, labda ni bahati mbaya. Mwaka huu, lile tope likinisumbua, ndipo nilipomuuliza mtu anayejua, akacheka hadi akakohoa. "Mlipanda mkoko mahali pa mlilana," akasema. "Na mlilana wenyewe pale ulishakataa, ndiyo maana palikuwa peupe." Uwanja ule ulikuwa mtupu kwa sababu zake: mawimbi yanapiga moja kwa moja na maji yanakaa muda mrefu mno. Mkoko hukaa nyuma, mlilana ukiwa umeshamkingia. Nyuma yake huja mkandaa, na huko juu kwenye chumvi kali hukaa mchu. Babu alikuwa na majina sita kwa sababu kulikuwa na mahali sita.

Na ule uwanja haukuwa mtupu hata hivyo. Ndipo yangeyange na ndege wa msimu wanaokuja kutoka ncha za kaskazini za dunia hupata chakula maji yakikupwa. Sisi tulikuwa mia na ushei na kofia zetu, tunawakanyagia sahani.

Kwa hiyo hesabu yangu na mikoko ilisimama hivi: miche iliyoishi, sufuri. Boriti, korija moja na nusu.

## Gazi

Nikaenda Gazi.

Gazi si mbali na kwetu, kama kilomita hamsini hivi kutoka Mombasa kuelekea Lunga Lunga, unashuka barabarani unaingia kushoto. Wasomaji wa Kwale wanapajua kwa Mbaruk bin Rashid na vita vyake na Waingereza. Watu wa mazingira duniani wanapajua kwa jambo jingine. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza kuuza hewa ukaa iliyofungwa na mikoko yao, mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa kwanza wa aina yake duniani kwa mikoko. Eneo lenyewe ni hekta 117. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nilikuwa nimeshasoma hayo yote zamani na nilikuwa nimeshayawekea kejeli. Tutafika hapo.

Nilichokuwa sikijui ni kile kilichotangulia. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, za kuchomea chokaa na matofali. Mashina yaliachwa, msitu haukurudi. Watu hudhani ukiacha tu kukata, mti utajiotea. Haikuwa hivyo. Sehemu zilibaki vipara kwa miaka na miaka, mchanga ukahama, jua likakausha tope, chumvi ikapanda. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye kituo palepale Gazi, wakaanza kujaribu kupanda upya pamoja na wanakijiji. James Kairo, ambaye jina lake utalikuta kwenye karibu kila andiko la mikoko ya Kenya, ni wa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba kabla senti moja ya hewa haijauzwa, watu wa Gazi walikuwa wameshatia mikono matopeni zaidi ya miaka ishirini.

Nilipita kwanza kwenye ile njia ya mbao ya akina mama, inayokata ndani ya msitu juu ya maji. Nililipa kiingilio. Ndani hakuna upepo. Sauti ya barabara inakatika kama umefunga dirisha, na unabaki na mitikisiko midogo midogo: tap, tap, tap, tope linapumua. Ukisimama kimya dakika tatu, kaa huanza kutoka. Nilimwona mmoja mwekundu akiburuta jani la mkoko kubwa kumshinda yeye, akivuta, akipumzika, akivuta, hadi kwenye shimo lake. Jani likagoma mlangoni. Akatoka, akalizunguka, akalikamata upande mwingine, likaingia. Mdiria alikuwa kwenye tawi, anatazama maji kama mdai. Chini, kwenye mkondo wa goti moja, mkizi wadogo wasiofika urefu wa kidole waligeuka wote kwa mpigo.

Samaki tunaowanunua Likoni wengi wamekulia humu. Hili kila mvuvi hukwambia bila kuulizwa, halafu anakuonyesha nyavu zake.

## Hewa inauzwaje?

Sasa ile kejeli.

Kwa ufupi mradi unafanya kazi hivi. Wataalamu hupima miti na tope, wakakadiria kiasi cha hewa ukaa ambacho hakikwenda angani kwa kuwa msitu unalindwa na kupandwa: kama tani 3,000 kwa mwaka. Mtu wa Ulaya anayetaka kulipia uchafu wa safari zake za ndege hununua tani hizo, na anayeshughulikia uuzaji ni shirika la hisani la Uskoti. Pesa huja kijijini, kamati iliyochaguliwa na wanakijiji huuliza watu wanataka nini, kinafanyika.

Miaka ya mwanzo ilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Piga hesabu: ni kama dola mia moja kwa hekta. Hekta moja ya msitu unaozuia mawimbi, unaolea samaki, unaochuja maji ya mito ya Kidogoweni na Mkurumudzi, kwa mwaka mzima, kwa bei ya viatu vya michezo vya huyo anayepanda ndege.

Nilikuwa nikisema, na nimeshasema barazani mbele ya watu, kwamba huu ni msala upitao. Bei inapangwa mbali. Wakichoka kununua, mtafanya nini? Na kwa nini mvuvi wa Gazi achunge msitu ili mtu wa mbali aruke na roho safi?

Sijabadili mawazo kuhusu bei. Bei ni ndogo, na maswali ya roho safi bado ninayo.

Ila kuna kitu kimoja kuhusu tope sikuwa nimekielewa. Nilidhani hewa ukaa imo kwenye miti, yaani kwenye mbao, kama ilivyo msitu wa bara. Kumbe sehemu kubwa imo chini. Majani, mizizi na vijiti huzama kwenye tope lisilo na hewa, havioziki upesi, vinarundikana karne kwa karne. Ukikata miti, jua na mawimbi huliingia lile tope na kilichofungwa huanza kutoka.

Yaani lile jeusi lililonata kidoleni mwangu alfajiri ile ndiyo bidhaa yenyewe. Ndilo lile mtu wa Ulaya analolipia libaki chini. Mimi nililinawa kwenye ndoo na kulimwaga kwenye mgomba.

## Shemeji

Mzee niliyemkuta kwenye kivuli karibu na maji alikuwa ameshawahi kufanya doria za msitu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana ukoo kama ada, tukakuta mama yake mdogo aliolewa kijiji cha pili na chetu. Baada ya hapo hakukuwa na namna ya kusema uongo. Nikamweleza boriti zangu.

Hakukasirika. Aliuliza unene, aliuliza gome, aliuliza siku. Akafikiri kidogo.

"Hizo si za kwetu," akasema.

Nikashusha pumzi. Aliona.

"Usifurahi, kijana. Sisi tukifunga mlango wetu, unadhani huyo mwenye shoka analala njaa? Huhamia kule kusiko na mlinzi. Hizo zako zimetoka huko."

Hili ndilo lililonikaa zaidi kuliko yote niliyoyasikia Gazi, na wenye mradi walilijua tangu mwanzo: ndiyo maana walipanda pia mashamba ya mvinje, mti wa kujengea unaokua upesi, ili panga likizuiwa hapa lisihamie pale. Mwenye panga halali njaa. Nyuma yake yuko fundi, na nyuma ya fundi yuko mtu Likoni amesimama na simu.

Nikamuuliza swali nililokwenda nalo. Doria inakuwaje hasa? Nilikuwa na picha ya walinzi, kofia, filimbi.

Alicheka. "Tatizo la doria si mwizi. Mwizi unamkamata. Tatizo ni shemeji."

Akanihadithia, bila jina na bila mahali, nami nitafanya vivyo hivyo. Unaingia msituni usiku wa mbalamwezi, bamvua, maji yamejaa kiasi mtumbwi unafika hadi chini ya miti. Unasikia shoka. Unasogea taratibu, unawasha tochi, na aliyesimama mbele yako ni mume wa dada yako. Ana watoto wanne, nao ni wapwa zako. Juzi alikusaidia kuchimba kaburi. Anakutazama, anasema, "Ah, ni wewe," kwa sauti ya mtu aliyefarijika.

"Utamkamata?"

Nikasema sijui.

"Ukimkamata, Idi utakula wapi? Usipomkamata, kesho wote wanajua ukoo wako una ruhusa."

"Sasa mlikuwa mnafanyaje?"

Hapo ndipo aliponionyesha bomba. Hakunyoosha kidole, alielekeza kidevu tu, kule ambako wasichana wawili walikuwa wakijaza madumu ya njano. Maji ya bomba ni miongoni mwa mambo ambayo pesa za mikoko zimefanya Gazi na Makongeni, pamoja na vitabu vya shule na mengine madogo madogo.

"Zamani ulikuwa unamwambia, 'shemeji, serikali imekataza.' Serikali ni nani? Anakucheka. Ukimwambia, 'shemeji, dunia inaharibika,' anakucheka zaidi. Sasa ukimwambia, 'shemeji, dumu alilobeba mkeo leo limetoka hapa unapopiga shoka,' hacheki."

"Anaacha?"

"Wengine. Wengine wanakwambia tutaonana nyumbani." Akanyamaza. "Lakini mnaongea. Kwanza palikuwa hapana la kuongea."

Nimelirudia hili usiku mwingi. Kejeli yangu yote kuhusu kuuza hewa ilikuwa inapima pesa kama mshahara, kama fidia, kama kitu cha kulinganisha na thamani ya msitu, na kwa kipimo hicho ni pesa kidogo za aibu. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi yake kubwa huenda ni kumpa mtu mmoja kitu cha kumwambia mwenzake gizani, maji yakiwa kiunoni. Misitu ya bara huwekewa ua na askari wa kutoka mbali. Hapa askari na jangili wanakutana tena Ijumaa kwenye safu moja ya swala, na hawana budi kupeana mkono.

Kuna jambo moja sikumuuliza, na najilaumu. Sikumuuliza kama yule shemeji alikamatwa. Labda nilijua angenijibu kwa swali.

Jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, nazo zimeanzisha mradi wao wa namna hii, mkubwa zaidi, hekta mia nne na ushei. Wanasema walijifunza kwa majirani. Ningependa kujua wao wanamwambia nini shemeji.

## Mvinje una mchwa

Niliporudi nilimkuta fundi ameshainua nguzo, boriti nyingi zimeshafungwa, anasuka fito za kubebea makuti. Sikuwa na la kuvunja. Kuzitoa na kuzitupa kungefanya nini? Msitu haurudishiwi boriti. Lakini banda la kuku lilikuwa bado kujengwa, na Mama alitaka na uwa mpya wa choo, kwa hiyo nikasema lile nililokuwa nimeliandaa njiani kama hotuba: zilizobaki, tutumie mvinje.

Fundi akaweka nyundo chini.

"Mvinje una mchwa."

Ni kweli, na watu wa miradi huwa hawapendi kulisema. Boriti ya mkoko ina utomvu ambao mchwa hawauwezi. Ichimbie ardhini leo, wajukuu wataikuta. Mvinje ni mti mzuri, unanyooka, unakua upesi, miaka mitano sita una mti wa kujengea, lakini uuchimbie ardhini bila dawa na mchwa wanaufanyia karamu. Fundi ana miaka thelathini kazini. Akijenga kwa mvinje, ukuta ukilala baada ya miaka minne, jina litakaloharibika ni lake, na mimi nitakuwa Mombasa naandika blogu. (Hili alilisema yeye. Kwa maneno hayohayo.)

Tulibishana asubuhi nzima, Mama akituletea mahamri kama wageni wa posa. Mwishoni tulifika hapa: mvinje juu, mahali pakavu, kwenye paa; na chini, kwenye kugusana na ardhi, miguu ya saruji kidogo iliyomwagwa kwenye ndoo kuukuu, mti usimame juu ya saruji usiguse udongo. Ilinigharimu zaidi. Siyo zaidi sana, lakini zaidi, na sikuweza kujizuia kuhesabu kwamba kama ningekuwa sina hiyo ziada, mazungumzo yote yale yasingekuwepo. Mama asingekuwa na mtoto wa Mombasa, angenunua fito za mkokoteni, na angekuwa na haki kuliko mimi.

Wiki iliyopita fundi alinitumia ujumbe: "Kaka kuna mzigo unakuja alhamisi bamvua. Bei nzuri. Nikuwekee?" Nikamjibu hapana, asante. Akaniandikia: "Sawa. Jirani yako amechukua."

Jirani yangu ni binamu yangu. Nimeshika simu mara tatu kumpigia. Sina bomba la kumwonyesha.

## Arobaini

Mama, ambaye katika ubishi ule wote hakutia neno, alikwenda kwenye kitalu siku ya pili yake akarudi na miche arobaini ya mvinje kichwani kwa mtu. Ameipanda nyuma ya choo, mistari minne, umbali wa hatua mbili mbili kama alivyoelekezwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, ningemsaidia kulipa.

"Wewe ulikuwa unaongea," akasema.

Nilimpigia jana kumjulia hali. Jiko halivuji. Moshi unatoka vizuri. Boriti zimeanza kuwa nyeusi kwa masizi, gome linabanduka, hazinuki tena bahari.

"Na mivinje, Mama?"

Akasonya. Mbuzi wa jirani waliingia Jumanne wakati wa adhuhuri, yuko kwenye swala, anawasikia wanatafuna na hawezi kukatisha.

"Wamekula kumi na mmoja," akasema. "Nimeshamwambia huyo binamu yako awafunge."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza hiyo miti ni ya nini."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia aje na panga, tukate miiba ya kuzungushia uwa. Anakuja Jumamosi."